Taa ya Nyuma

Mtaa mzima walimwita Usiguse, na jina hilo alijipa mwenyewe kwa mdomo wake. Ukiingia chumba chake cha kazi, ukanyoosha kidole tu kuelekea feni iliyopasuliwa tumbo mezani, hata hujaifikia, utasikia: "Usiguse!" Wateja wameambiwa, majirani wameambiwa, mkewe ameambiwa mpaka akachoka kununa. Binti yao, kitinda mimba, alilijua neno hilo kabla hajajua kutembea.

Kazi ya mzee ilikuwa kusuka upya koili, nyaya za shaba za ndani ya mota zilizoungua: za feni, za pampu, za mashine za kusaga. Alikuwa na mikono ya ufundi, hilo halina ubishi. Ila kukueleza alichofanya, ng'o! Umuulize mota yako ilikuwa na ugonjwa gani, atakujibu, "Ilikuwa mbovu, sasa nzima." Haya, beba uende.

Sasa huyo binti akapata kazi hospitalini, chumba cha kufulia mashuka. Yeye ndiye mwasha boila. Boila lazima iwe imewaka saa kumi na moja alfajiri, ili wenzake wakiingia wakute mvuke. Walimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu, na mwezi wa kwanza tu alishachelewa mara mbili. Msimamizi hakumzungusha. Alimwambia, ya tatu usije hata kuaga. Na saa kumi na robo alfajiri hakuna gari la abiria linalopita kule juu wanakokaa. Kulikuwa na baiskeli, na barabara ya kuteremka yenye kona tatu, na chini ya mteremko kulikuwa na daraja.

Daraja hilo ndilo lililomnyima mzee usingizi. Lilikuwa jembamba, lori likiingia limelijaza, mtu wa miguu hana pa kujibanza. Na malori ya kokoto yalipita hapo hapo alfajiri, madereva wakikimbizana na saa. Miezi michache nyuma muuza magazeti aligongwa pale, akiwa kwenye baiskeli isiyo na taa. Usiguse aliiona baiskeli ile ilipoletwa kwa fundi jirani, gurudumu la nyuma limekunjwa kama shati. Dereva aliulizwa, akasema neno moja tu: "Sikumwona." Muuza magazeti alizikwa, na lile neno likamganda mzee kichwani. Akisuka koili, sikumwona. Akila, sikumwona. Alikuwa anaogopa, jamani, lakini umwambie aliseme hilo mbele ya mwanawe? Afadhali ameze bisibisi.

Binti alikuwa na tochi ya betri aliyoifunga kwenye usukani kwa kipande cha mpira. Betri zenyewe ndiyo zile, leo zinawaka, keshokutwa zinatoa mwanga wa kumbembelezea mtoto alale.

"Nitakutengenezea taa isiyoomba betri," mzee alimwambia.

"Lini, Baba?"

"Ikiwa tayari."

Ilimchukua wiki tatu. Dainamo ya kwanza, kifaa cha kugeuza mzunguko kuwa umeme, aliitoa kwenye mota ya pampu ya mashine ya kufulia. Aliipigilia kwenye ubao, akaiunga na mkono wa cherehani, akazungusha, na taa aliyoifunga kwenye ubao huo huo ikamulika chumba kizima hadi utando wa buibui darini. Lakini ilikuwa nzito, baiskeli ingekuwa kama imepakia mtu. Akaisukuma pembeni na ubao wake. Ikabaki pale, ikingoja siku yake.

"Mkono wa cherehani yangu uko wapi?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Uko kazini."

"Wewe utazikwa na koleo mkononi, na hiyo koleo itakuwa yangu vilevile."

Ya pili aliitoa kwenye mashine ya kuchapia karatasi iliyotupwa na ofisi moja. Kamota kadogo, kana sumaku ndani. Alikafungua, akatoa waya mwembamba wa kiwandani, akasuka wa kwake mnene zaidi, mzunguko kwa mzunguko, akihesabu kwa midomo bila sauti. Ole wako umsalimie katikati ya hesabu. Akakavisha kigurudumu cha mpira, akakafunga kwenye fremu ya baiskeli kwa mkono wenye springi, kigurudumu kikagusa ubavu wa tairi. Tairi likizunguka, nacho kinazunguka. Mbele akaweka taa nyeupe, nyuma taa ndogo nyekundu.

Hapa nikueleze mimi, kwa kuwa yeye hakumweleza mtu. Umeme wa gurudumu si kama wa betri. Betri inatoa kile kile. Gurudumu linatoa kadiri unavyokimbia: ukipanda mlima, kidogo, ukiteremka, mwingi hadi unazidi. Mzee alilijua hilo, ndiyo maana akachagua balbu mbili za kugawana mzigo. Ile nyekundu ya nyuma, pamoja na udogo wake, ilikuwa inapokea sehemu ambayo nyeupe ya mbele isingeiweza. Ukiitoa, ya mbele inabaki inabeba peke yake. Njia ya tambarare itavumilia, tena itang'aa kuliko mwanzo. Mteremkoni itaungua.

Jioni ya kumkabidhi, binti aliizunguka baiskeli kama anayekagua ng'ombe. Alifurahi, macho yalimwaka.

"Baba, umetisha! Na hii ya nyuma ni ya nini?"

"Ya nyuma."

"Naona ni ya nyuma. Nauliza inafanya nini, maana mimi naangalia mbele."

"Nimeshafunga. Usiguse."

"Mwambie mtoto," mkewe alisema. "Mdomo hautozwi kodi."

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa, akaingia ndani kula. Na hapo ndipo alipokosea.

Siku nne za kwanza taa iliwaka barabara. Shida ikawa ng'ambo ya daraja, kwenye mlima wa kwenda hospitali. Kile kigurudumu kilikuwa kinavuta. Binti alifika amelowa jasho, zimebaki dakika nne. Kesho yake mbili. Siku ya nne alimkuta msimamizi amesimama mlangoni anaitazama saa ya ukutani.

"Baba, dainamo ni nzito," alisema jioni hiyo. "Nitachelewa."

"Kanyaga."

"Nakanyaga, Baba! Haiwezi kupunguzwa?"

"Ikipunguzwa haiwaki. Kanyaga, mama."

Binti akanyamaza. Angekuwa mzee ana jicho la watu kama alivyo na jicho la mota, angejua kwamba huyu mtoto akinyamaza namna ile ana jambo. Lakini wapi. Alikuwa anatafuta nati.

Alfajiri ya siku ya tano Usiguse alikuwa macho kitandani, kama alfajiri zote. Alimsikia binti akinawa uso, akifungua mlango polepole, akiisukuma baiskeli uani. Kisha akapanda, na kigurudumu kikaanza kuimba kwenye tairi.

Mzee akainua kichwa kwenye mto.

Mtu aliyesuka mota miaka thelathini na tano hasikilizi kama mimi na wewe. Mota iliyobeba mzigo inanguruma chini chini, na iliyopunguziwa mzigo sauti yake inapanda, inakuwa nyepesi. Siku nne zote kile kigurudumu kilikuwa kinanguruma. Leo kilikuwa kinaimba wimbo mwembamba, kama mbu.

"Kuna kitu kimetoka," alisema gizani.

"Lala," mkewe alisema.

Hakulala. Alikwenda kwenye chumba cha kazi, akawasha taa. Mezani, ndani ya kikombe cha nati, kulikuwa na kifurushi cha karatasi kilichokunjwa pembe nne sawasawa. Alikifungua. Balbu nyekundu ndogo. Ilikuwa imefungwa vile vile anavyofunga yeye balbu zake, karatasi mara mbili, ncha zikiingizwa ndani. Hajawahi kumfundisha mtu kufunga vile. Mtoto alikuwa amemtazama tu, miaka yote, akiwa amesimama mbali asiguse.

Aliona yote kwa mara moja. Jana yeye mzee alipokuwa anaoga, binti aliitoa balbu, akazunguka uani mara mbili. Akaona baiskeli imekuwa nyepesi kidogo na taa ya mbele imezidi kung'aa. Akafurahi! Angekosaje kufurahi? Kila kitu kilimwambia amepatia.

"Mungu wangu!" mzee alisema. "Mteremko!"

Alikimbilia mlangoni akaita jina la mwanawe kwa sauti iliyoamsha mbwa wa mtaa mzima, lakini wimbo wa kigurudumu ulikuwa umeshamezwa na kona ya kwanza. Akachukua simu, akapiga. Ikaita sebuleni, juu ya kabati. Binti hakuwa anaibeba kazini, boila iliwahi kumpikia simu moja.

"Kuna nini?" mkewe alikuwa amesimama na kanga begani.

"Taa yake itazimika kabla ya daraja. Na nyuma hana kitu. Hana kitu kabisa, mama watoto, hataonekana mbele wala nyuma!"

Mkewe alishika ukuta. Alisema tu, "Ngazi."

Kweli, ngazi. Barabara ilizunguka kona tatu, lakini katikati ya nyumba kulikuwa na ngazi za zege zilizoshuka moja kwa moja hadi mdomo wa daraja. Vidato mia moja na ishirini, na mzee ana goti lililovunjika alipoanguka toka kwenye paa. Alitazama chumba. Tochi? Iko kwenye usukani wa binti, betri zimekufa. Taa ya umeme? Imefungwa darini. Macho yake yakaangukia ile dainamo ya kwanza kwenye ubao wake, nzito, na mkono wa cherehani na taa yake. Alikitia kile kifurushi mfukoni, akaikumbatia dainamo, akatoka.

Alishuka kwa makalio, kwa mikono, kwa ukuta, sijui na kwa nini kingine. Goti lilipiga kelele akaliambia linyamaze. Ubao ulimchoma mbavu. Kila vidato kumi alisimama kusikiliza, na kwenye kidato cha sabini hivi akasikia asichotaka: juu kabisa, nyuma ya nyumba, lori likibadilisha gia kuingia mteremkoni.

"Polepole," alimwambia dereva asiyemsikia. "Polepole, baba, polepole."

Aliteleza vidato vitatu vya mwisho akatua barabarani kwa magoti, kwenye mdomo wa daraja, ubao ungali kifuani. Akainua macho.

Binti alikuwa anatoka kona ya tatu. Loo, taa ile! Ilikuwa nyeupe kuliko alivyowahi kuiona, nyeupe yenye ubluu, ikimwaga mwanga hadi kwenye majani ya pembeni. Mtu mwingine angesema taa nzuri hiyo. Mzee aliijua rangi ile, ndiyo rangi ya waya unaokaribia kukatika.

"Simama!" alipiga kelele. "Funga breki!"

Taa ikazimika.

Hakukuwa na mlio wala cheche. Palipokuwa na mwanawe pakawa giza tupu. Na juu yake, kwenye kona hiyo hiyo, lori likatokea. Lilikuwa na taa moja tu, na hiyo moja ilitazama majanini.

Mzee aliweka ubao kwenye goti zima, akaushika kwa mkono wa kushoto, akazungusha kwa wa kulia. Taa ikawaka. Akaielekeza juu barabarani. Akazungusha kama kichaa, na mwangani akamwona: mwanawe, katikati ya njia, ameinama juu ya usukani, miguu inaburuza lami kusaidia breki, na nyuma yake lori linakuja. Alikuwa amepofuliwa na ile taa yake mwenyewe iliyozimika, haoni aende kushoto wala kulia.

"Pembeni! Pembeni!" Akanyanyua mkono kumwonyesha upande.

Giza likarudi. Mkono ulioonyesha ndio uliokuwa unazungusha. Ebo! Yeye aliyekitengeneza kitu hiki kwa vidole vyake, akasahau kwamba hakihifadhi hata punje ya mwanga. Akarudisha mkono, akazungusha, taa ikawaka, na katika kile kipindi cha pumzi mbili lori lilikuwa limekula nusu ya umbali.

Basi hakuonyesha tena. Hakuita tena, pumzi zenyewe hana. Alizungusha. Bega liliwaka moto, goti likawaka, machozi yalimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Alikuwa mzee mmoja amepiga goti katikati ya barabara akizungusha mkono wa cherehani, na kama lori lisingesimama lingewapitia wote wawili, mwana kwanza, baba baadaye. Alilijua hilo. Hakusogea.

Honi ililia. Kisha breki, mlio mrefu, kokoto zikamwagika zikirukaruka lamini. Binti alijitupa kando, baiskeli ikalala, yeye akajibamiza kwenye ukuta wa daraja akaushika. Lori likasogea, likasogea, likasimama.

Tairi la mbele lilikuwa hatua tatu kutoka gurudumu la nyuma la baiskeli.

Dereva alishuka, kijana mnene mwenye kofia ya sufu, akaja akifoka. "Mzee, una wazimu? Unakaa katikati ya barabara unasaga nini? Nimekuona kwa bahati! Nimeona kitaa chako nikasema kuna gari limeharibika, nikashika breki..." Akakanyaga kitu, akatazama chini. Ilikuwa madigadi ya baiskeli. Akamtazama binti aliyeshikilia ukuta, kiwiko kinachuruzika damu. Ile sauti ikamwisha.

"Huyu," alisema polepole. "Huyu sikumwona."

Mzee alilisikia neno hilo. Akakaa barabarani. Lakini mkono wake uliendelea kuzungusha, na taa ikaendelea kuwaka, ikimmulika mtoto wake usoni, mzima, anahema, mwenye hasira.

"Baba! Taa yako imenizimikia!"

"Ndiyo."

"Nilikuwa siioni hata mikono yangu!"

"Najua, mama. Najua. Njoo hapa."

Binti alikuja akichechemea, akachutama mbele yake. Ndipo alipouona ule uso, ulivyolowa, na pajama yake iliyochanika magotini. Hajawahi kumwona baba yake hivi. Akanyoosha mkono kwenye mfuko wa shati la mzee, palipochomoza ncha ya karatasi, akakitoa kifurushi chake mwenyewe. Akakifungua. Alikuwa mwepesi wa akili, sikuzote alikuwa mwepesi. Aliitazama balbu nyekundu, akaitazama taa yake iliyokufa, iliyoingia weusi kwenye kioo.

"Hii ni ya nini?" aliuliza. Safari hii aliuliza kwa sauti ndogo.

"Inamsaidia mwenzake kubeba," mzee alisema. Pumzi zilimkatakata, ila alisema yote. "Ukikimbia, umeme unazidi. Zikiwa mbili zinagawana. Ikibaki moja, mteremkoni inaungua. Ndiyo maana nilikwambia usi..." Akajizuia mwenyewe. "Sikukwambia. Nilikukataza tu."

"Ungeniambia, Baba, nisingeitoa."

"Ndiyo. Ilinipasa nikwambie."

Dereva alikohoa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Dada, ulikuwa unawahi wapi?"

"Hospitali. Boila." Binti akasimama ghafla. "Saa ngapi?"

"Kumi na dakika thelathini na tano."

"Nimekwisha! Ya tatu hii!" Akaiinua baiskeli, akazungusha gurudumu. Lilikuwa linayumba kidogo lakini lilizunguka. Akatazama ng'ambo, mlima wote giza.

"Panda uende," dereva alisema. "Mimi nitakuja nyuma yako taratibu. Hii taa yangu nitaipiga ngumi itazame mbele, na mtu wa nyuma akitaka kukugonga aanze na mimi. Ni la kwangu kukufikisha."

Kweli aliipiga ngumi, nayo ikatazama mbele. Binti akaunyanyua ule mkono wa springi, kigurudumu kikaachana na tairi, baiskeli ikawa nyepesi. Akatia mguu kwenye pedali, akageuka.

"Baba, sasa acha kuzungusha. Kuna taa."

"Nenda."

"Mkono wako umechoka."

"Nenda, mama, utachelewa. Jioni tukae mezani wote wawili. Utaishika koleo wewe, mimi nitasema."

Binti alicheka, kicheko chenye machozi ndani, akakanyaga. Dereva alimvuta mzee kando ya barabara na ubao wake, kisha lori likamfuata binti kwa mwendo wa mtu anayetembea, likijaza daraja lote, likinguruma. Juu kwenye ngazi mkewe alikuwa anashuka, anaita. Mzee aliendelea kuzungusha mkono wa cherehani, taa imeelekezwa mlimani, mpaka ile nukta ya baiskeli na lori nyuma yake vilipofika juu na kukunja kona ya hospitali. Hapo ndipo alipojaribu kuachia, akakuta vidole havifunguki. Mkewe ndiye aliyevikunjua, kimoja kimoja.